Bure Isiyosajiliwa

Nchi yetu siitaji jina. Si kwa hofu. Ni kwamba wakati mambo haya yanatokea jina lake lilikuwa kwenye ukarabati, na mpaka leo mkandarasi hajalikabidhi. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye wimbo mrefu wa taifa, na yenye Wizara ya Afya iliyojengwa kwa vioo vitupu ili wananchi wajionee wenyewe jinsi viongozi wao wanavyochoka.

Mimi nilikuwa afisa itifaki katika wizara hiyo. Nilipanga viti, nikahakikisha chupa za maji zinatazama upande mmoja, na nikaanzisha makofi pale hotuba ilipokawia kupigiwa. Maoni sikuwa nayo. Katika wizara yetu maoni huanzia ngazi ya mkurugenzi.

Basi akaja Daktari Mwatumu Kilindo, mganga mfawidhi wa hospitali ya mkoa wa Magadi. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya vilio. Magadi ni mbali, kwenye nchi tambarare ya chumvi, na viatu vyake viliacha nyayo nyeupe kwenye zulia letu lote mpaka ofisi ya Mkurugenzi wa Ununuzi, Bwana Shomvi.

Bwana Shomvi alikuwa akila sambusa juu ya jalada la faili. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila anapofunua karatasi, na kwa kuwa karatasi za wizara ni nyingi, kidole kile hakikuwahi kukauka. Akampa daktari mkono uleule. Daktari akaupokea, akaketi, akaeleza shida yake.

Hospitali yake ilikuwa ikiweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Sasa kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ule unaoiamsha na kuiongoza. Bila huo kompyuta ni sanduku tu. Mfumo wa kompyuta za Magadi ulikuwa wa kukodi kutoka ng'ambo. Wizara haikulipa kodi, kwa sababu fedha zilikwenda kwenye warsha ya umuhimu wa kulipa kodi kwa wakati. Asubuhi moja kompyuta zote zikajifunga, na historia za wagonjwa wa mkoa mzima zikabaki humo ndani.

"Anakuja mtu anatapika damu, namuuliza mara ya mwisho alipewa dawa gani, ananiambia ya njano," alisema Daktari Mwatumu. "Nilikuwa natibu kwa kubahatisha, Mkurugenzi."

"Pole sana," alisema Bwana Shomvi, akachukua sambusa nyingine.

"Lakini tumepata njia. Kuna mfumo endeshi wa bure. Umetengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, wameuachia kila mtu autumie. Mimi na fundi wetu wa hospitali tumeuweka kwenye kompyuta moja kuukuu, na kumbukumbu zetu zote tumeziopoa. Pale mjini kwetu kuna duka la Bwana Kasiani, anauza kompyuta zilizokwisha kuwekwa mfumo huo. Bei yake nzuri. Naomba wizara itununulie."

"Vizuri. Huo mfumo anauza nani?"

"Hauzwi. Ni wa bure. Tunanunua kompyuta tu."

"Sawa, lakini wakala wake hapa nchini ni nani?"

"Hana wakala."

"Basi tutamlipa nani?"

"Hakuna wa kulipwa, Mkurugenzi."

Bwana Shomvi akaacha kutafuna. Akaniambia nifunge mlango. Akasogeza kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya:

"Daktari, una watoto?"

"Ninao wawili."

"Basi usirudie kusema maneno hayo kwenye jengo hili."

* * *

Hata hivyo habari zikamfikia Waziri, Mheshimiwa Aristariko Mbonde, naye akaitisha kikao. Nilipanga viti. Mheshimiwa aliingia na kijiti cha meno mdomoni, akakitoa, akakiweka juu ya meza mbele ya Daktari Mwatumu, akaanza kuhutubia.

"Ndugu zangu, serikali hii haina ubaguzi. Tunapenda vitu vya ghali, na tunapenda vitu rahisi vilivyopandishwa bei. Lakini bure! Bure ni nini? Bure ni kitu kisicho na mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe, ndugu zangu, ni cha nani? Ni chetu!"

Nikaanzisha makofi.

"Sasa, naambiwa mfumo huu uko wazi. Daktari, hebu fafanua. Wazi vipi?"

"Msimbo wake uko wazi, Mheshimiwa. Yaani maandishi yaliyoutengeneza. Yeyote anaweza kuyasoma, akayarekebisha, akampa mwenzake."

"Yeyote? Hata wa upinzani?"

"Yeyote, Mheshimiwa."

"Na uko wazi tangu lini?"

"Tangu miaka mingi."

"Miaka mingi!" Mheshimiwa aliwageukia watu wa usalama, ambao huketi nyuma karibu na maandazi. "Kitu kimeachwa wazi miaka yote hiyo, nyinyi mko wapi? Kifungwe!"

Ikaamuliwa kwamba kabla ya kufungwa atafutwe mwenyewe. Msafara ukaundwa: Mheshimiwa, Bwana Shomvi, wake zao, na fundi cherehani wa Mheshimiwa, kwa sababu huko ng'ambo kuna baridi. Mimi nilikwenda kubeba mabegi. Daktari Mwatumu aliomba apewe angalau sehemu ndogo ya nauli za msafara akanunue kompyuta kwa Kasiani arudi kazini. Akaambiwa asiwe mbinafsi.

Tulikuta watu wa mfumo ule wamekusanyika kwenye ukumbi wa chuo, wamevaa kandambili, wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Kijana mmoja alimpa Bwana Shomvi kijiti cha kuhifadhia data chenye mfumo mzima ndani yake. "Chukua tu," alisema. "Ukishatumia, mpe na mwenzako."

Bwana Shomvi akamvuta pembeni, akamwomba amwandikie ankara yenye bei yoyote. Kijana akacheka, akidhani anataniwa. Bwana Shomvi akamwambia taratibu kwamba bei ikiwa kubwa watagawana. Kijana akacheka zaidi, akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka wote, kwa upendo kabisa, wakampiga picha.

Jioni, hotelini, Bwana Shomvi hakula. Alikaa kwenye kiti cha ukumbi wa mapokezi ameshika tama.

"Wewe bwana," aliniambia, "hawa watu wameendelea vipi na ujinga ule?"

* * *

Tuliporudi, mambo yalikwenda haraka. Bunge lilipitisha Sheria ya Vitu vya Bure. Kuanzia siku ile, kitu chochote cha bure sharti kisajiliwe, kipewe mwenyewe, na kilipiwe ushuru kulingana na thamani ambayo kingekuwa nayo kama kisingekuwa bure. Shemeji yake Mheshimiwa, ambaye siku zote alikuwa akiuza matairi, alifungua kampuni iitwayo Bure Bora, na zabuni ya kununua kompyuta zenye mfumo wa bure ikatangazwa.

Bwana Kasiani wa Magadi alileta bei yake. Bwana Shomvi aliisoma kwa sauti mbele ya kamati, na wajumbe wakatazamana kwa aibu. Kasiani akaondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kiasi cha kulidhalilisha taifa. Bure Bora wakashinda. Bure yao ilikuwa ghali kuliko ule mfumo wa kukodi, na magazeti ya serikali yakaandika kwamba kwa mara ya kwanza nchi yetu imepata bure yenye hadhi.

Ilibaki ile kompyuta kuukuu ya Magadi, iliyokuwa ikifanya kazi bila matatizo pale mapokezi. Polisi wakatumwa kuikamata. Kosa lake: bure isiyosajiliwa. Mimi na Bwana Shomvi tuliandamana nao kwa niaba ya wizara, kuhakikisha inakamatwa kwa heshima.

Daktari Mwatumu alisimama mlangoni.

"Afande, na hawa waliomo humu ndani mtawapeleka wapi?"

Sajenti alichungulia nyuma ya kompyuta. "Akina nani, mama?"

"Wagonjwa wangu. Mkoa mzima umo humo."

"Mama, mimi nimetumwa kompyuta tu. Watu sijaambiwa."

Bwana Shomvi akamhakikishia daktari kwamba kumbukumbu zitahamishiwa kwenye kompyuta mpya. Sajenti akaifunga ile kuukuu kwa shuka la hospitali, akaibeba begani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisimama ilipopita. Nadhani walidhani ni maiti ya mtoto.

* * *

Kompyuta mpya zilipokelewa kwa ngoma, na keki yenye umbo la kompyuta ambayo Mheshimiwa aliikata kwenye kioo, akamlisha shemeji yake. Daktari Mwatumu alikataa kipande, akaenda kuwasha moja.

Bure Bora walikuwa wamechukua mfumo uleule wa bure, wakauchorea taji la dhahabu, wakaufunga. Hata fundi wa hospitali hakuweza tena kugusa kitu ndani. Ukiwasha, kwanza ilitokea hotuba ya Mheshimiwa kuhusu kasi ya maendeleo, ambayo haikuweza kurukwa. Baada ya hotuba, ukitaka kufungua kumbukumbu za mgonjwa yeyote, kompyuta ilikuomba namba ya kibali. Namba hizo zilitolewa kwa simu na Kitengo cha Vibali, kule wizarani.

"Kwa nini?" aliuliza Daktari Mwatumu.

"Ili watu wasifungue ovyo," alisema Bwana Shomvi, mdomo umejaa keki.

"Hii ni hospitali."

"Ndiyo maana. Hospitali zina mambo mengi ya watu."

Daktari alimtazama kwa muda. Sukari ya keki ilikuwa imemganda Bwana Shomvi pembeni mwa mdomo, na inzi alikuwa ametua pale, naye hakumfukuza.

* * *

Mwalimu Hezroni Gwau alifundisha jiografia katika shule ya sekondari ya Magadi. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Najua tu kwamba aliletwa hospitali mchana mmoja, utumbo umetoboka, tumbo gumu kama ubao, na kwamba mkewe, Bi Tabitha, alimshika Daktari Mwatumu mkono akamwambia: "Daktari, aliwahi kupasuliwa hapahapa. Ile dawa ya usingizi nusura imuue. Alikakamaa, mwili ukawaka moto. Walisema wameandika asipewe tena maishani."

"Dawa gani, mama?"

"Sikuambiwa jina. Walisema wameandika."

Daktari aliyempasua mara ile alikwisha kufariki. Hospitali kubwa ilikuwa safari ya siku nzima kwa barabara ya chumvi. Kabatini dawa za usingizi zilikuwa aina mbili, na kibali hakikuwepo.

Simu ililia Kitengo cha Vibali nami nikaipokea, maana kitengo kizima kilikuwa kwenye semina ya kuharakisha huduma.

"Nahitaji namba ya kufungulia kumbukumbu za Hezroni Gwau," alisema Daktari Mwatumu. "Sasa hivi. Mtu yuko mezani."

"Daktari, hawapo. Mimi ni yule wa itifaki."

"Nani anazo?"

"Mkurugenzi Shomvi."

"Mtafute, ndugu yangu. Nakuomba. Kimbia."

Nilikimbia. Nilipanda bodaboda mpaka hoteli ya semina, na nilimkuta Bwana Shomvi kwenye chakula, mbele yake sahani ya kamba. Alikuwa akiwamenya, akinyonya vichwa, akavirudisha kwenye sinia ambamo wengine walikuwa wakipakua.

"Mkurugenzi, Magadi wanaomba namba. Mtu anakufa."

"Wameomba kwa maandishi?"

"Wamepiga simu. Yuko mezani, anasubiri kupasuliwa."

"Hata mimi niko mezani." Wenzake wakacheka. Akanyonya kichwa kingine. "Sikiliza. Nikimpa huyo leo bila utaratibu, kesho kila mgonjwa atataka. Tutafika wapi?"

"Mkurugenzi, nakusihi."

Nilipiga magoti. Nasema hivi kwa sababu haikuwa sehemu ya itifaki, na watu waliniangalia. Bwana Shomvi aliona aibu kwa niaba yangu. Akasema atatoa namba baada ya matunda. Akala papai. Akala nanasi. Akachokonoa meno, akatazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Kisha akafungua simu yake, akanisomea namba.

Niliipiga Magadi nikiwa palepale kwenye zulia.

"Daktari, nimeipata! Andika."

"Isome," alisema. Nikaisoma. Nikamsikia akibonyeza, nikasikia hotuba ya Mheshimiwa kuhusu kasi ikianza tangu mwanzo, nasi sote wawili tukaisubiri imalizike. Halafu akasema:

"Imefunguka. Imeandikwa mstari wa kwanza kabisa. Kwa herufi kubwa."

"Ashukuriwe Mungu, Daktari."

"Nilishindwa kuendelea kumsubirisha. Nilichagua mwenyewe, kati ya zile mbili." Sauti yake haikutetemeka. "Nilichagua hiyohiyo. Amekufa kabla hujapiga."

* * *

Tume ikaundwa. Ikachunguza, ikabaini kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwamba marehemu alikuwa na haraka. Mheshimiwa akaenda Magadi kusoma matokeo. Nilipanga viti katika ukumbi wa hospitali, ule wa kuingilia vyumba vya upasuaji, kwa sababu kulikuwa na feni. Nilipanga pia mpangilio wa kupeana mikono: Mheshimiwa, mjane, daktari, watumishi, kamera.

Mheshimiwa alitangaza mambo mawili. Bure Bora wapewe na mikoa iliyobaki. Daktari Mwatumu Kilindo asimamishwe kazi kwa kubahatisha dawa.

Wauguzi waliguna. Kabla sijaanzisha makofi, Bi Tabitha alisimama. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili nyeusi, mkononi ana mfuko wenye chupa kubwa ya maji, maana alikuwa amekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mashamba ya chumvi.

"Mheshimiwa, daktari aliwaombeni. Alipiga simu, nilikuwa hapo, nilimsikia," alisema. "Mume wangu amekufa bure."

Bwana Shomvi akainama, akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba neno hilo sasa lina mmiliki.

Mheshimiwa akatabasamu kwa kamera. "Mama yangu, tunaelewa uchungu wako. Hatutakudai chochote kwa kulitumia." Akamshika mkono, akautikisa. Akasogea kwa Daktari Mwatumu, akamnyooshea mkono. Daktari aliweka mikono yake nyuma. Mheshimiwa akazunguka, akaukamata mkono mmoja kwa nguvu, akauleta mbele, akautikisa mpaka mpiga picha aliporidhika. Kisha akanipa na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, na mkono wake ulikuwa wa joto na wenye unyevu. Bwana Shomvi akafuata nyuma yake na kidole chake.

Daktari Mwatumu aligeuka, akatembea mpaka kwenye lile sinki refu ambalo madaktari hunawia kabla ya kupasua. Akavua saa. Akapandisha mikono ya koti. Akafungua maji kwa kiwiko, akachukua sabuni na burashi, akaanza kunawa.

Alinawa kama wanavyonawa wao. Kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati ya vidole, kiganja, kifundo, mpaka viwikoni. Mheshimiwa alikuwa ameanza kuhutubia tena, lakini sauti ya burashi ilisikika, na mpiga picha aliigeuza kamera yake kule. Hotuba ikapungua, ikakatika. Ukumbi mzima ukabaki unasikiliza burashi.

"Anafanya nini?" aliuliza Mheshimiwa.

Muuguzi mmoja mtu mzima aliondoka kwenye kiti nilichompangia, akaenda akasimama nyuma ya daktari, mikono ameinyoosha mbele kama anayengoja zamu. Akafuata yule fundi. Akafuata mfagizi wa wodi. Mstari ukawa mrefu, watu wazima wamesimama na mikono mbele.

Nami nikaenda. Siwezi kueleza kwa nini. Kiganja kilikuwa kinaniwasha.

"Fungeni hayo maji!" alipiga kelele Bwana Shomvi. "Nasema yafungwe!"

Mtu wa usalama alitoka nje akakata maji. Bomba likakohoa, likakauka. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupaka sabuni, mapovu mpaka kwenye mikono ya koti langu la itifaki, na nyuma yangu kulikuwa na watu bado. Tulisimama tu. Daktari Mwatumu naye alisimama, mikono yake safi ameiinua juu, asiguse kitu.

Bi Tabitha alikuja taratibu mpaka mbele ya sinki. Akatoa ile chupa kwenye mfuko wake, akafungua kizibo kwa meno.

"Leta mikono, mwanangu," aliniambia, ingawa nilikuwa mkubwa kwake.

Nikakinga. Akanimiminia.